Semina Bila Mdhamini

Fundi cherehani aliletwa hospitali asubuhi kwenye kiti cha nyuma cha teksi, kichwa kimelazwa mapajani mwa binti yake, anatapika damu. Mfamasia alimwona kwa sababu dirisha la dawa linatazamana na mlango wa dharura, na akamtambua hata kabla hawajamshusha. Ndiye aliyemshonea makoti yote meupe ya kazini. Alikuwa mwanamke wa makamo ambaye mdomo haukauki maneno, na magoti yake mabovu aliyasema kama watu wengine wanavyowasema majirani wasumbufu. Asubuhi ile hakusema kitu.

Baadaye muuguzi alileta mfuko wa dawa za mgonjwa pale dirishani. Daktari wa zamu alitaka kujua amekuwa akimeza nini. Mfamasia akazitoa moja moja. Dawa ya presha. Aspirini ndogo, ile ambayo wagonjwa wa moyo humeza kila siku ili damu isigande. Na chini kabisa vidonge vya kijani vya maumivu ya viungo, boksi limeliwa nusu. Akaviweka sambamba, aspirini na vidonge vya kijani, akavitazama. Hapakuwa na haja ya kufungua kitabu. Vidonge vya kijani vilisifiwa kwa kutoliumiza tumbo, na sifa hiyo ilikuwa na ukweli wake, ila kwa mtu asiyemeza aspirini. Ukishachanganya, sifa imekwisha.

Boksi lilikuwa na lebo ya duka la Mzee Miwani.

Mchana hakwenda kula. Alitembea hadi dukani, akamkuta mzee yuko peke yake nyuma ya kaunta. Walimwita Miwani kwa sababu alivaa miwani mbili kwa pamoja, moja machoni na nyingine utosini, na kila siku alikuwa anaitafuta mojawapo. Ndiye mfamasia mkongwe kuliko wote mjini.

"Yuko hai?" akauliza kabla hajasalimiwa. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Yuko hai, mzee wangu. Wanamwongezea damu."

Mzee Miwani akakaa kwenye kigoda chake. "Nilimwuliza, mwanangu. Usifikiri sikumwuliza. Akaniambia anameza aspirini, na mimi nikamwambia hii haina shida. Kwani kwenye semina ya mwaka jana pale hotelini yule daktari bingwa alisemaje?"

"Alisema haigusi tumbo."

"Aspirini aliitaja?"

Mfamasia akajaribu kukumbuka. Alikumbuka ukumbi wenye baridi, mapazia mazito, keki yenye nembo ya kampuni, na slaidi za rangi zilizopita haraka haraka. Aspirini hakuikumbuka.

"Hakuitaja," akasema.

"Basi." Mzee alinyoosha kidole kwenye cheti kilichoning'inia ukutani. "Nilikaa mstari wa mbele. Nikaandika kila neno, tena kwa kalamu waliyonipa wao. Nikapata pointi zangu, nikapewa leseni ya mwaka mwingine. Sasa wewe niambie, nilikosea wapi?"

Aliuliza bila hasira. Alitaka kujua kweli, na hilo ndilo lililomfanya mfamasia aegemee kaunta kama mtu aliyetembea mwendo mrefu. Wafamasia wote walitakiwa kukusanya pointi za masomo kila mwaka, la sivyo leseni inakufa. Chama chao hakikuwa na uwezo wa kukodi hata mwavuli, kwa hiyo semina zililipiwa na kampuni za dawa, na hakuna aliyelalamika. Mwenyekiti mpya wa kamati ya mafunzo alikuwa yeye mwenyewe. Na mtu aliyeihangaikia ile semina ya mwaka jana, akabeba mabegi ya zawadi na kumpokea bingwa uwanja wa ndege, alikuwa mume wake, muuzaji wa kampuni ya vidonge vya kijani.

&nbsp;

Kamati ilikutana kwenye stoo ya hospitali, katikati ya maboksi ya drip. Walikuwa watatu: yeye, Mhazini ambaye alisinzia mahali popote alipoketi, na Katibu, kijana mwenye duka kubwa na ulimi mwepesi.

"Mada tuzichague wenyewe," alisema mfamasia, "kutoka kwenye makosa yetu ya madirishani. Anayefundisha asiwe analipwa na anayeuza. Slaidi tuzisome kabla. Na watu wa kampuni wasiingie ndani ya chumba."

"Hata mumeo?" Katibu akauliza.

"Si ni mtu wa kampuni?"

Katibu akacheka, akamgusa Mhazini kwa kiwiko ili asikose uhondo. "Mwenyekiti, watu hawaji semina kwa ajili ya figo na maini. Wanakuja kupumzika. Mtu amesimama dirishani mwaka mzima anatukanwa na wagonjwa. Apewe siku moja ya kukaa kwenye kiti kizuri, ale ashibe, aondoke na begi. Hiyo nayo unataka kumnyang'anya?"

Hapo alisema kweli, na mfamasia hakumbishia. Yeye mwenyewe miguu ilikuwa inawaka moto ndani ya viatu. "Fundi cherehani yuko wodini," akasema. "Kafikishwa pale na semina yetu."

Walikubali shingo upande. Katibu alikubali kwa kuwa aliamini jambo lenyewe litakufa kifo chake, na wala hakulificha hilo.

&nbsp;

Nyumba yao ilijaa vitu vya kampuni. Kalenda, saa ya ukutani, miavuli, vikombe, taulo za jikoni, vyote vilikuwa na majina ya dawa. Mama mkwe hakujua kusoma, lakini aliwahi kumwuliza mwanawe kila kitu kinatibu nini, na tangu hapo akavibatiza: saa ya kikohozi, mwavuli wa kisukari, kikombe cha minyoo. Wageni walishangaa kumsikia akisema, "Nitilie chai, lakini si kwenye minyoo."

Jioni hiyo, watoto wakiwa shule ya bweni, walikaa watatu mezani. Mume, ambaye mji mzima ulimwita Mkoba kwa sababu ya begi lake jeusi la sampuli, hakuwa amevua hata tai.

"Meneja ameniuliza tarehe ya semina," alisema.

"Tarehe ipo. Ila mwaka huu hatuchukui mdhamini."

Mkoba aliendelea kukoroga chai ambayo sukari ilikwisha kuyeyuka. "Mmeamua lini?"

"Leo."

"Na mimi naambiwa lini?"

"Ndiyo nakwambia, baba watoto."

Akaweka kijiko. "Sawa. Basi tulipe chakula tu. Bingwa hatumleti, slaidi hatuleti. Chakula na ukumbi. Chakula hakifundishi mtu."

"Mwaka jana mlianza na chakula. Kisha mkaomba dakika chache za kusalimia. Kisha bingwa akashuka kwenye ndege."

"Zile slaidi sikuziandika mimi."

"Najua."

"Mimi nabeba tu. Ninapewa, ninabeba."

"Najua, mume wangu. Sijakulaumu."

"Heri ungenilaumu." Alifungua kifungo cha shingo. "Unajua Meneja kanifanya nini leo? Kanisimamisha mbele ya wenzangu. Anasema, wenzako wanawakimbilia wafamasia barabarani kama wauza karanga, wewe unalala kitanda kimoja na mwenyekiti, halafu unaniambia utajaribu. Wakacheka wote." Akasogeza kikombe kando. "Na mimi nikacheka."

Mfamasia alitaka kumshika mkono, lakini mkono wenyewe ulikuwa umerudi chini ya meza. Mama mkwe ndiye aliyeuliza.

"Hiyo semina ni ya siku moja, siyo?"

"Siku moja, mama."

"Siku moja mtu ananyamaza, inapita. Mimi katika ndoa yangu nimenyamaza miaka."

"Mama, fundi wako wa nguo amelazwa," mfamasia akasema taratibu, na akaeleza yote: damu, aspirini, vidonge vya kijani, bingwa wa hotelini. Aliposema jina la vidonge, Mkoba alimtazama mara moja tu, kisha akatazama pembeni.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na gauni moja la fundi yule ambalo hakulivaa ila siku za maana. "Mungu amponye," akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Na mwanangu akifukuzwa?"

 Mkoba akainuka na begi lake akaenda chumbani.

Tangu siku hiyo waliishi kwa adabu. Ni adabu mbaya, ile ya watu wawili wanaopishana mlangoni wakiambiana samahani.

&nbsp;

Semina ilifanyika Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi walilopewa bure na mwalimu mkuu. Viti vilikuwa vya watoto. Wafamasia wazima, wengine na suti zao, walikaa magoti yamekaribia kugusa videvu. Bati lilikuwa linaanza kupata moto. Kwenye kona palikuwa na ndoo ya maji yenye kifuniko na vikombe vya plastiki, na kila aliyeingia aliitazama ndoo ile, kisha akatazama nyuma yake kama vile kuna kitu kingine kinakuja. Waliokuja hawakufika nusu ya waliojaza hoteli mwaka uliotangulia.

"Chai ni saa ngapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Utakapofika kwako," Katibu akajibu, na darasa likacheka. Mfamasia naye akatabasamu, maana angefanya nini.

Mada ya kwanza ilikuwa dawa za maumivu kwa wazee, na aliyeombwa kuanza alikuwa Mzee Miwani. Alikwisha kusimama mbele ya ubao, anaisaka miwani yake ya kusomea, gari jeupe lilipoingia uwanjani na kusimama karibu kabisa na mlango. Mkoba akashuka. Akafungua buti, akatoa mnara wa maboksi ya chakula yenye nembo, akaja nayo kifuani, kidevu kikiyashikilia yasianguke. Harufu ya nyama ya kuchoma ilimtangulia kuingia. Darasa zima likageuka.

Mfamasia akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Haukufunga vizuri. Alijua wanasikia.

"Baba watoto, tulishaongea."

"Niyaweke tu ndani, niondoke. Sisemi neno."

"Siwezi."

"Tazama gari," Mkoba akanong'ona bila kugeuka. "Meneja yumo. Kaja kunitazama mwenyewe. Kasema boksi likirudi hata moja, nikabidhi na funguo za gari, kazi imekwisha."

Akatazama. Vioo vilikuwa vimepandishwa, injini inaunguruma ili ndani pawe na ubaridi, na nyuma ya kioo cheusi alionekana mtu anayeandika kwenye simu. Mume wake alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye tai. Boksi la juu lilikuwa linateleza, naye akainua bega kulizuia, na kwa kitendo hicho kidogo alionekana mzee. Mfamasia aliona jinsi ingekuwa rahisi. Asogee pembeni tu. Hata kusema asiseme, asogee. Wale ndani wangemshukuru, huyu wa nje angemshukuru, na nyumbani watu wangeanza kuongea tena.

"Mimi ni mume wako," akasema Mkoba.

"Ndiyo maana nimetoka mimi. Mwingine angefungiwa mlango." Akashusha sauti. "Ukiyaingiza haya, Mzee Miwani ataeleza vipi kilichompata fundi huku watu wanakula kwa mkono wa waliouza? Hataeleza. Atawashukuru, atakaa. Namjua. Sote tuko hivyo."

Mlango ukafunguka kidogo, Katibu akachungulia. "Mwenyekiti, chakula kimeshapikwa. Kitaharibika bure. Kutupa chakula ni dhambi."

"Nakuomba ukae, Katibu."

"Mimi nasema tu."

"Nakuomba ukae."

Mkoba alisubiri mpaka kichwa cha Katibu kikapotea. Alimtazama mke wake kwa muda, wala si kwa chuki. Alikuwa kama mtu anayesoma bango la mbali. Kisha akageuka, akarudi na maboksi yake hadi kwenye buti. Boksi moja lilianguka, likafunguka kwenye vumbi. Aliinama akaokota kila kitu, wali na nyama na mchanga, akarudisha ndani ya boksi, akalifunika vizuri kama vile lingeliwa. Gari likaondoka.

Mfamasia aliingia darasani, akanywa maji kwenye ndoo, akamwambia Mzee Miwani aendelee. Watu wawili walichukua mabegi yao wakatoka. Waliobaki walinuna. Mzee akaanza kwa sauti ndogo, akaeleza alivyomwuliza mgonjwa, mgonjwa alivyomjibu, na yeye alivyomwambia hakuna shida. Hakujitetea. Alipofika kwenye aspirini, mwanamke mmoja wa duka la stendi aliinua mkono.

"Mimi nina wateja kama huyo," akasema. "Nina wengi tu."

"Na mimi," akasema mwingine.

Baada ya hapo hapakuwa tena na kunyoosha mikono. Walisogeza viti vile vya watoto, wakabishana, wakatoa makaratasi ya maelezo kwenye maboksi ya dawa waliyokuja nayo wakasoma yale maandishi madogo kwa zamu, na Katibu, ambaye hakuna aliyemwomba, alijikuta ubaoni anaandika orodha ya maswali ya kumwuliza kila mzee kabla ya kumpa dawa ya maumivu. Walitoka na njaa, wanalalamika njaa, na wengine walisema wazi kwamba mwaka ujao hawaji.

&nbsp;

Jumatatu Mkoba alirudi nyumbani kwa miguu. Gari na begi vilibaki ofisini. Alieleza kwa maneno machache: kampuni inapunguza watu. Mama mkwe alimpakulia chakula yeye kwanza, akamwekea nyama zote, na mkwewe akajipakulia mwenyewe. Hakusema neno la ubaya. Wiki ile yote alimwita mkwewe "wewe", badala ya "mwanangu".

Mfamasia alichukua zamu za ziada. Alirudi jioni miguu imevimba, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi, na wala hakuwa na nguvu ya kujiuliza kama alifanya vizuri. Mkoba alipiga simu kwa watu aliowahi kuwapelekea kalamu. Wengi hawakupokea.

Siku moja ya mapumziko, mama mkwe akiwa amelala mchana, Mkoba alikuja akakaa kwenye ngazi ya jikoni karibu na beseni.

"Mle ndani mlisema nini siku ile?" akauliza.

"Kuhusu?"

"Vidonge. Nieleze kama unavyowaeleza wenzako."

Akamweleza. Alieleza polepole, namna tumbo linavyojilinda, aspirini inavyouvunja ulinzi huo, na kwa nini vidonge vya kijani, vikikutana na aspirini, havina tena tofauti na vidonge vya bei rahisi. Alimwambia kuwa hayo yote yamo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. 

"Mimi nilifundishwa kusema 'haigusi tumbo'," alisema mwishowe. "Maneno mawili. Tuliyarudia kwa pamoja, ukumbi mzima, kama watoto wa darasa la kwanza. Nami nilipewa cheti." Alikuwa anatazama maji ya beseni. "Hoteli ile ilikuwa nzuri. Tulikula vizuri sana."

 Mke wake akasogeza miguu kidogo kumpisha, na yeye akavua viatu, akaitumbukiza miguu yake kwenye maji yaleyale yaliyokwisha kupoa.

"Yule fundi anakaa wapi?" akauliza.

&nbsp;

Walikwenda pamoja. Mkoba alibeba suruali mbili kwenye mfuko. Zilikuwa zinampwaya sasa, hiyo ikawa sababu ya safari. Fundi cherehani alikuwa kwenye chumba chake cha mbele, amekaa kwenye kiti chenye mto, cherehani imefunikwa shuka. Amekonda, ngozi imekuwa ya kijivu, lakini maneno yalikuwa yamemrudia kiasi.

"Mwenye makoti meupe," akamkaribisha mfamasia. "Na huyu ndiye bwana? Kumbe yupo. Leteni hizo suruali. Kushona binti ndiye anayeshona siku hizi, kupima napima mimi."

Akajiinua kwa kushikilia ukingo wa meza, akayasugua magoti kidogo, akatoa tepu shingoni. Mkoba akasimama mbele yake mikono imening'inia.

"Na wewe kazi yako nini, baba?" fundi akauliza, tepu ikiwa kiunoni mwake.

 Mkoba angeweza kusema lolote. Kulikuwa na majibu mengi ya kawaida.

"Nilikuwa nauza dawa," akasema Mkoba. "Nazipeleka madukani. Hata vile vidonge vya kijani. Kwa Mzee Miwani nilivipeleka mimi, nikamwambia haviumizi tumbo."

Tepu ikasimama. Binti, aliyekuwa anapanga vitambaa kwenye kona, akaacha kupanga. Fundi akainua uso, akamtazama Mkoba kwa karibu, bila haraka, na ilikuwa kama vile anatafuta kitu kwenye uso ule na hakipati.

"Vilinisaidia magoti kweli," akasema. "Miezi ile nilikuwa napanda ngazi. Sasa siwezi tena, na daktari kanikataza hata kuviota."

"Nisamehe, mama."

 Fundi aliangalia tepu, akasoma namba, akamtajia binti yake aiandike. Kisha akaigusa nyonga ya Mkoba kwa ncha ya kidole, kama anavyomgusa kila mteja.

"Geuka," akasema, "nikupime nyuma."